Maziwa ya Kadzo

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kabla sijavaa sare ya shule, nilikuwa na kazi moja ya asubuhi ambayo mama yangu hakuijua. Nilimwaga maziwa. Niliyapokea mlangoni kwa mikono miwili, nikashukuru kama nilivyofundishwa, nikapita ukumbini, nikatokea nyuma ya nyumba na kuyamimina mchangani penye ukuta wa choo. Kisha nikaisuuza chupa. Yalikuwa maziwa ya ng'ombe aliyekamuliwa alfajiri, bado yana joto, na yalikuwa ya mdogo wangu Athmani, ambaye alikuwa na miezi saba na ndiyo kwanza anaanza kulishwa.

Tulikuwa tukikaa Shella, Malindi, katika miaka ya themanini. Baba alikuwa kibarua wa chumvi huko Gongoni. Alikuja Alhamisi jioni na Jumamosi alfajiri akaondoka. Mama alishona nguo katika duka moja mjini, akitoka asubuhi na kurudi adhuhuri. Nyumbani alibaki Bibi, mama yake Baba, mzaliwa wa Pate aliyeletwa Malindi na ndoa na kuzeekea hapo bila kuuamini mji hata siku moja. Aliyanusa maji kabla ya kuyanywa. Mgeni akiondoka, alilipangusa kochi alilokalia. Tabia hiyo nimeirithi zaidi kuliko ninavyopenda kukiri: hata leo mtu akiisifu nguo yangu, nasikiliza kwanza kama atamalizia na Mashallah.

Na neno hilo ndilo lililotuletea balaa.

Maziwa yalikuja na Kadzo, mwanamke wa Kigiriama kutoka mashambani upande wa Ganda. Alipita na ndoo yake kichwani nyumba kwa nyumba, nasi watoto tulimwita Mama Maziwa. Asubuhi moja alimkuta Bibi akimwogesha Athmani uani. Athmani alikuwa na miezi sita wakati huo, mapaja yana mikunjo, mashavu yanamwagika. Kadzo aliishusha ndoo, akachuchumaa, akamtazama kwa raha.

"Jamani mtoto huyu alivyo mnono," akasema. "Mzuri kweli."

Akaishia hapo. Hakuwa Mwislamu, na kwao mtoto akisifiwa anasifiwa tu. Lakini Bibi aliganda na maji mkononi, akingoja neno lililobaki, nalo halikuja. Jioni ile Athmani akashikwa na homa. Ilikuwa homa ya siku mbili, ya meno kwa ninavyodhani sasa, maana wiki ileile jino la kwanza lilichomoza. Bibi hakulitazama jino. Alijua kwamba Kadzo alikuwa amezika watoto wawili wachanga, na hilo lilimtosha.

"Mato," aliniambia, yaani macho, kwa Kiswahili cha kwao. "Mtu aliyefiliwa na wana ana mato ya njaa. Hataki ubaya, lakini mato yake yanataka."

Nilimuuliza kwa nini basi asimwambie Kadzo asije tena. Akanitazama kama mtu anayemtazama mjinga wake mwenyewe, kwa huruma.

"Mwenye jicho hafukuzwi. Ukimfukuza anakasirika, na akikasirika ndiyo mumekwisha. Unapokea kitu chake, unamshukuru, unamwombea dua. Akishaondoka, unakimwaga. Umesikia, Rukia?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na mamako usimwambie. Mamako amesomea kliniki."

Ni kweli kwamba Mama alikuwa na mipango yake. Kliniki walimwambia mtoto akifika miezi sita aanze uji wenye maziwa, baadaye pojo zilizopondwa, samaki aliyechambuliwa miiba, kiini cha yai, papai, ndizi. Aliyarudia maneno hayo mbele yangu huku akifua, kama mtu anayejikumbusha wimbo. Bibi alikuwa na jibu kwa kila kitu. Yai litamchelewesha kusema. Samaki atamtia minyoo. Pojo zitamjaza tumbo upepo. Kilichobaki ni uji wa mchele, na hata huo Bibi aliutwanga mwenyewe, akauchekecha kwa kitambaa mpaka ukabaki unga mwepesi kama poda, akaupika kwa maji mengi ili ushuke vizuri kooni. Mama alikubali kuacha samaki na yai kwa muda, kwa kuwa mkwe si mtu wa kubishana naye, lakini juu ya maziwa alisimama imara. Akamlipa Kadzo alete chupa moja kila siku kwa ajili ya uji wa mtoto.

Sasa, uji wa mchele ni mweupe, una maziwa au hauna. Hapo ndipo Bibi alipopata nafasi yake.

Na alikuwa na desturi nyingine iliyomsaidia. Kwao, mtoto anayeachishwa ziwa hali mbele za watu. Chakula kinafunikwa tangu jikoni, na mtoto analishwa chumbani nyuma ya pazia, chini ya leso, na mtu mmoja tu, yule aliyemlisha kijiko cha kwanza, mpaka siku atakapotembea. Sufuria ya mtoto ina mkono mmoja, ndivyo alivyosema. Kijiko cha kwanza alikitia yeye. Hata Jumapili, Mama akiwa nyumbani, Bibi ndiye aliyepika, akafunika, akaingia chumbani na mtoto, pazia likashuka. Mama alikaa nje akisikiliza kijiko kikigonga bakuli. Kazi yangu nyingine ilikuwa kukaa mlangoni na kutazama nani anatazama.

Kazi hiyo niliipenda. Wenzangu walicheza kibe uchochoroni, mimi nilikuwa na jambo la wakubwa. Kadzo akija, nilimchunguza macho yake, kama ni mekundu, kama yanakwepa, kama yanakwenda ndani ya nyumba kumtafuta mtoto. Na kwa kweli yalikwenda. Kila asubuhi alichungulia juu ya bega langu na kuuliza, "Mdogo wako hajambo?" Nikajibu hajambo, nikaona nimemnasa. Mtu ukishamshuku, hata salamu yake inakuwa ushahidi.

Aliyefaidi ni paka wetu. Alijua saa ya Kadzo kuliko sisi sote. Alimngojea kizingitini, akanifuata nyuma ya nyumba na kulamba mchanga mpaka ukakauka. Katika miezi mitatu alinenepa hata akashindwa kuruka ukuta.

Athmani alikonda. Mwanzoni ilionekana kwenye mapaja tu, ile mikunjo ikafutika, na jirani mmoja akasema ni kwa sababu anaanza kutambaa. Lakini hakutambaa. Shingo ikawa nyembamba, nywele zikapoteza weusi, mashavu yakashuka. Kilichonitisha zaidi ni kwamba aliacha kulilia chakula. Alikaa alipowekwa. Bibi aliogopa kweli, sitaki kumsingizia. Alifunga Jumatatu na Alhamisi kwa ajili yake. Alimwita mwalimu akaandika kombe, aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, tukaziosha kwa marashi, na maji yale akayatia kwenye uji. Kadiri mtoto alivyodhoofika ndivyo alivyozidi kusadiki kuwa jicho ni kali, na ndivyo alivyozidi kuukaza ulinzi. Pazia likawa mapazia mawili.

Mwezi wa nane, shule ilipofungwa, Mama alinichukua kwenda naye kliniki. Sista alimpima Athmani, akatia nukta kwenye kadi, akatuonyesha mstari. Mstari ulikuwa umepanda, ukalala, na sasa ulikuwa unashuka.

"Mama, unampa nini huyu mtoto?" akauliza.

"Uji wa maziwa, sista. Asubuhi na jioni. Na ziwa langu nikiwa nyumbani."

"Uji una maziwa kweli?"

"Una maziwa. Chupa nzima kwa siku. Muulize dadake, yeye ndiye anayeyapokea."

Sista akanigeukia. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya chini, na aliniuliza kwa upole kabisa. "Mdogo wako anatiliwa maziwa kwenye uji?"

Nikasema, "Ndiyo."

Sikubabaika hata kidogo. Nilikuwa nimefundishwa kulinda siri na niliilinda. Sista alimtazama Mama kwa muda, na nikaona hakuamini. Akasema taratibu kwamba wako wazazi wanaokuja pale na kusema wanayodhani yanatakiwa kusemwa, kisha akaandika tarehe ya wiki ijayo na kusema kama mstari hautapanda, mtoto atalazwa. Njiani Mama alilia bila sauti, akiwa amejifunika buibui, na mimi nilishika ncha yake nikavuka naye barabara. Nilifikiri analia kwa sababu ya mstari. Sasa najua alilia pia kwa kuitwa mwongo.

Alhamisi ile Baba alipofika, Bibi alikuwa amekwisha kulipima jambo kwa upande mwingine. Dawa ya jicho ilikuwa imetumika yote na mtoto hakupona, basi huenda si jicho peke yake. Ijumaa baada ya sala, tulipokwisha kula, akasema mbele yao wote wawili, bila kumtazama mtu.

"Mtoto hakondi bure. Kama si jicho, basi kabemendwa."

Kwa asiyejua, kumbemenda mtoto ni mama au baba kutoka nje ya ndoa mtoto angali ananyonya. Inasemekana uchafu wa mzazi humrudia mtoto akadhoofika. Ni neno zito. Likishatamkwa ndani ya nyumba, haliwezi kukaa bila kuwa na mwenyewe. Mama akamtazama Baba, na nikajua anawaza zile siku tano za Gongoni. Baba akamtazama Mama, na nikajua anawaza duka la mjini.

"Duka lile mnakaa wangapi?" Baba akauliza.

"Unaniuliza nini?"

"Nauliza mnakaa wangapi."

"Mimi na tajiri na mkewe, na cherehani mbili. Kama una neno, liseme."

Hakulisema. Lakini alasiri ile akatoa uamuzi, kwa sauti ndogo ya mtu asiyependa anachokisema. Mama aende kwao Mambrui akakae kidogo mpaka mambo yatulie. Mtoto abaki. Amekwisha kuzoea uji, Bibi atamlea.

Nilikuwa nimesimama karibu na mtungi. Nakumbuka baridi ya udongo wake mgongoni kwangu. Nilikuwa mtoto lakini sikuwa mjinga kiasi cha kutojumlisha. Athmani alikuwa na mambo mawili ya kumweka hai: ziwa la Mama na uji wa Bibi. Mama akienda Mambrui, lingebaki moja, na mimi na Bibi peke yetu ndio tuliojua lile moja lina nini ndani yake. Nilimfuata Mama chumbani. Alikuwa akikunja leso zake na kuzitia kwenye kikapu, moja moja, kwa uangalifu uliozidi.

"Mama, maziwa hayaingii kwenye uji."

Hakugeuka. "Yanaingia wapi?"

"Nayamwaga."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Leso aliyoishika aliishusha kitandani. Nilitarajia kofi na nikafumba macho kulingojea. Halikuja. Nilipoyafumbua, nikaona anatafuta pa kuweka mikono yake. Kisha akaniuliza swali moja tu.

"Na sista alipokuuliza?"

Swali hilo ninalo hata sasa.

Mama alitoka uani. Sufuria ya mtoto ilikuwa mekoni, imefunikwa kwa sahani na juu ya sahani kitambaa. Akaifunua mchana kweupe, mbele ya kila aliyekuwepo, akachota kijiko na kumpelekea Baba.

"Onja."

"Chakula cha mtoto hicho," Baba akasema.

"Onja, mume wangu."

Baba akaonja. Akachota tena mwenyewe, akaonja mara ya pili, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. "Maji," akasema. "Maji na sukari." Halafu akamwangalia mamake, na uso wa Baba siku ile sijauona tena kwa mtu mwingine.

Bibi hakukana. Alisimama wima na tasbihi yake. "Nilikuwa nikimkinga," akasema. "Nyinyi hamkuona yule mwanamke alivyomtazama. Mimi niliona." Nadhani hapo ndipo alipoanza kuogopa kitu kingine, lakini hakukitaja na hakukitaja mpaka alipokufa.

Mama hakwenda Mambrui. Aliomba ruhusa dukani, akamrudisha Athmani kliniki siku iliyofuata na kumweleza sista ukweli wote, mimi nikiwa nimesimama kando. Sista akamwonyesha namna ya kuanza: kidogo kidogo, mara nyingi, maana tumbo lililozoea maji halipokei karamu. Mama alipika uji mzito wenye maziwa. Alichemsha pojo mpaka zikafumuka, akaziponda kwa mwiko, akaongeza tui jepesi. Samaki alimchambua kwa vidole, kisha akavipitisha vile vipande tena baina ya kidole gumba na cha shahada kutafuta mwiba, kisha mara ya tatu. Na alimlishia kibarazani, mapema, watu wakipita. Kila aliyesalimu alikaribishwa kutazama. Bibi alijifungia ndani asione.

Ilichukua wiki nyingi. Siku Athmani alipolia kwa hasira kwa sababu kijiko kimechelewa, Mama aliweka bakuli chini akacheka mpaka machozi. Bibi, alipoona mashavu yamerudi, alisema kombe limefanya kazi yake. Nafikiri tulimwachia hilo kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kushika.

Lakini kuna jambo lilitokea katikati. Jumamosi ile ile baada ya mambo kufichuka, Bibi, kwa uchungu wa kuaibishwa mbele ya mwanawe, alimkabili Kadzo mlangoni na kumwambia kwa kinywa chake yote aliyoyafikiria. Kadzo hakurudi tena. Mama alipata maziwa kwa mtu mwingine kwa siku chache, kisha akanishika mkono tukatembea mpaka kwake.

Tulimkuta akipukuchua mahindi nje ya nyumba yake. Mama akamwamkia, na Kadzo akatutolea kigoda na kipande cha mkeka. Mama akaanza kuomba radhi, kwa maneno mengi ya kwetu, ya Mungu na ya ujirani. Kadzo alimwacha amalize.

"Nilikuwa najua," akasema. "Paka wenu yule. Paka wa Shella hanenepi hivyo kwa vichwa vya samaki. Halafu siku moja nilizunguka nyuma nikauona mchanga."

"Ulijua, na ukaendelea kuyaleta?"

"Nilisema labda kuna siku mtasahau kuyamwaga."

Mama akainamisha kichwa. "Kwa nini hukuniambia, ndugu yangu? Neno moja tu."

Kadzo aliendelea kupukuchua. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilinitia haya zaidi. "Ningekwambia nini? Ningesema mtoto wako anakonda, mngesema huyo huyo, anazidi kumtazama. Mimi nilikuwa naona kila siku. Lakini kinywa mlikuwa mmekwisha kunifunga." Kisha akanigeukia. "Anakula sasa?"

"Anakula."

"Basi vizuri," akasema.

Mama akanigusa bega, maana yake niseme la kwangu. Sikulisema. Nilitazama mahindi. Kadzo hakungoja, aliinuka akatujazia chupa, akakataa kulipwa, na kesho yake hakuja Shella wala siku nyingine yoyote.

Mtu akiniuliza leo kama naamini jicho, simwambii siamini. Nimelelewa nalo, na damu haisikii hoja. Ila najua kwamba mwaka ule hatukumkinga Athmani na macho mabaya. Tulimkinga na macho ya mama yake, ya baba yake, ya sista na ya Kadzo, yote yaliyoweza kumsaidia, na tukambakishia ya Bibi yaliyokuwa yamejaa hofu, na yangu mimi, yaliyoona kila kitu na kunyamaza.

Athmani mwenyewe hakumbuki, na alichosimuliwa alisimuliwa na Bibi. Sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake, na kwa miaka alikuwa akiwachekesha wageni kwa kisa cha Mgiriama muuza maziwa aliyetaka kummaliza kwa jicho. Mara ngapi nilikaa pale nikimsikiliza, nikila wali wangu. Sikukuu iliyopita alikianza tena, akimlisha binti yake wa mwisho mapajani, na sijui ni nini kilichonishika, nikamwambia aache, hakikuwa hivyo. Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, na la kliniki nikamweleza pia.

Alikiweka kijiko chini. Nilidhani atanikasirikia, na ningemwelewa. Lakini hakuniuliza habari zangu. Aliniuliza kama Kadzo yuko hai, tukamtazame.

Nikamwambia alikwisha kufariki, miaka mingi sasa. Nikamwambia habari za msiba wake zilitufikia siku ileile, na kutoka nyumba yetu hakuna aliyekwenda.

Athmani alimpangusa mtoto mdomo. Mkewe akauliza kama aongeze wali.